Mtandao Unaokata Ukiugeuzia Mgongo

Kwa karibu mwezi mzima nilikuwa na mtandao wa nyumbani wenye tabia ya mtoto mtukutu: nikiwa naye ametulia, nikimpa kisogo anaharibu. Nikikaa kwenye kompyuta asubuhi kutwa, hakuna neno. Nikiinuka kwenda kula na kujinyoosha kidogo, nikirudi nakuta mambo yamekufa. Ukurasa wa kwanza unagoma kufunguka, muunganisho wa seva ya kazini umeganda, herufi ninazopiga hazitokei. Nusu dakika baadaye intaneti inarudi yenyewe kana kwamba haikwenda popote. Kinachobaki maiti ni ule muunganisho wa kazini tu. Lazima niingie upya, na nilichokuwa sijakihifadhi kimekwenda na maji.

Fundi wa mtoa huduma alikuja mara mbili. Mara zote mbili aliketi, akatoa laptopu yake, akaniomba nenosiri la Wi-Fi, akapima kasi, akanigeukia: "Mbona iko vizuri?" Na kweli ilikuwa vizuri, maana kufikia anamaliza kuandika nenosiri laini ilikuwa imekwisha amka. Simlaumu. Ugonjwa wa namna hii haujitokezi mbele ya mganga.

Basi nikaamua nijipimie mwenyewe. Nikafungua dirisha la amri, nikaandika ping 8.8.8.8, amri ya kuiuliza seva ya mbali "upo?", nikaiacha ikiuliza kila sekunde usiku kucha. Asubuhi, baada ya saa 8 hivi na mistari karibu elfu 29, majibu yaliyokosekana yalihesabika kwa vidole. Nikajipongeza kwamba tatizo limejiondokea. Nikasimamisha ping, nikatoka kwa saa nzima, nikarudi: maiti. Hapo ndipo nilipong'amua upuuzi wangu. Nilikuwa namwamsha mgonjwa kila sekunde ili nijue kama amelala!

Hilo ndilo ningependa uondoke nalo kama nyumbani kwako kuna shida kama yangu. Mtandao unaokata wakati hautumiki haupimwi kwa kelele, unapimwa kwa ukimya. Vipimo vyote tulivyozoea, ping mfululizo, kupima kasi, kupakua faili kubwa, vinaufanya ushughulike, na ukishughulika hauna ugonjwa.

Kwa nini ukimya uuangushe? Njiani kutoka kwenye kompyuta yako hadi nje kuna vifaa kadhaa, na kila kimoja kinaweka kumbukumbu kwamba wewe upo na unaongea. Kumbukumbu hizo zina mwisho wake, na hata umeme una gharama, kwa hiyo mtu fulani aliyekitengeneza au kukipanga kifaa aliweka saa: kisiposikia kitu kwa muda fulani, kihesabu kwamba umeondoka, kifunge. Kila pakiti (kifurushi kidogo cha data) inayopita inairudisha saa hiyo sifuri. Saa za namna hii zinaweza kuwa kwenye kompyuta yenyewe, kwenye ruta, na kwa mtoa huduma. Kazi yako ni kujua ni saa ya nani iliyolia, na ilihesabu dakika ngapi.

Kabla sijaeleza nilivyoipata yangu, nitaje dalili moja niliyoipuuza. Katikati ya mwezi ule alinijia mgeni akakaa wiki moja, ana simu mbili, zote nikaziunganisha kwenye Wi-Fi. Wiki ile mtandao haukukata hata mara moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alipoondoka ugonjwa ukarudi jioni ileile. Mimi nikadhani ni bahati. Kumbe simu za siku hizi hazinyamazi: zinaulizia ujumbe, zinasasisha programu, zinasalimiana na seva zao hata zikiwa mfukoni. Mimi simu yangu haikuwa kwenye Wi-Fi, nikiinuka pale mezani nyumba nzima inanyamaza. Nyumba yenye watu wengi inaweza kuwa na kasoro hii miaka na miaka bila yeyote kuiona.

Sasa kipimo chenyewe. Nilizima Wi-Fi kwenye kila kifaa, nikaichomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya. Waya ni muhimu, unaiondoa Wi-Fi kwenye orodha ya washukiwa mapema. Kisha nikafungua ukurasa wa ruta, ule unaofikiwa kwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1 (kama siyo hizo, tazama kibandiko chini ya kifaa), nikatafuta sehemu ya hali ya muunganisho. Ruta nyingi zinaonyesha pale anwani ya nje (ile ruta inayopewa na mtoa huduma) na muda ambao muunganisho umekuwa hewani. Huo muda ndio shahidi. Ukiangalia kwa macho mtandao utakuambia upo, kwa sababu umeuamsha kwa kuuangalia. Lakini muda ulioandikwa pale hausemi uongo. Ukisoma saa 19, laini haijaanguka tangu jana. Ukisoma sekunde 12, imeanguka na kuinuliwa sasa hivi.

Nikauchomoa waya, nikangoja dakika 5 kwa saa ya mkononi, nikauchomeka, nikasoma: muda unaendelea kuhesabu. Dakika 10: unaendelea. Dakika 20: sekunde chache. Basi kilio kiko kati ya 10 na 20. Nikakata katikati, dakika 15, nikapata jibu lisiloeleweka, mara hai mara mfu. Dakika 14 hai. Dakika 16 mfu. Nikarudia 14 na 16 mara tatu kila moja ili nisijidanganye. Ilinichukua alasiri nzima na sehemu kubwa nilikuwa nimekaa tu. Usiongeze swali la pili katikati ya kungoja, eti ngoja nichungulie kama bado ipo. Kila ukimya una swali moja tu. Ukiuliza, umeuvunja, unaanza upya.

Nambari iliyosimama kama 15 haitoki kwenye waya mbovu. Waya mbovu haujui kuhesabu. Hiyo ni nambari ambayo mtu ameiandika mahali, na mimi niliikuta kwenye ruta yangu mwenyewe. Laini yangu ni ya PPPoE, yaani ruta inaingia kwa mtoa huduma kwa jina na nenosiri, utaratibu uliochapishwa mwaka 1999, enzi ambazo wengi bado walilipia intaneti kwa dakika kupitia laini ya simu. Ruta nyingi za aina hiyo bado zina chaguo la kuunganisha pale tu inapohitajika. Kwenye skrini utakuta pameandikwa Connect on Demand, na pembeni yake dakika za kukaa kimya kabla ya kukata. Kwangu zilikuwa 15. Zamani chaguo hilo lilikuokolea pesa. Leo linakukera tu, kwa sababu ruta ikikata, ikaja kuunganisha tena, inaweza kupewa anwani mpya ya nje, na miunganisho yako yote ya zamani inabaki ikizungumza na mtu aliyehama. Nikachagua kuunganishwa muda wote. Katika ruta nyingine unaandika 0 kwenye zile dakika, maana yake isikate kamwe. Hifadhi, washa upya, kisha urudie kipimo cha dakika 16. Usiamini mpaka urudie.

Kama laini yako haina jina na nenosiri, huenda chaguo hilo usilikute kabisa, usilitafute hadi usiku. Na ukiwa na kile kimodemu kidogo cha mfukoni chenye betri, angalia jambo jingine: vingi vimepangwa kuizima Wi-Fi baada ya dakika kadhaa za kutokuwa na kifaa kilichounganishwa, ili betri idumu. Hiyo si kasoro, ni makusudi, na mara nyingi unaweza kuiondoa kwenye mipangilio.

Nikadhani nimemaliza. Siku mbili baadaye nikatoka kwa saa moja na ushei, nikarudi, kurasa zote zinafunguka papo hapo, ruta inasema muda wa muunganisho ni siku 2, lakini seva ya kazini imeganda vilevile. Kumbe chini ya saa ya kwanza kulikuwa na saa ya pili! Nilikuwa siioni kwa sababu ile ya dakika 15 ilikuwa inawahi kulia.

Hii ya pili haikuwa ndani ya nyumba yangu. Anwani ya nje iliyokuwa kwenye ruta ilianza na 100.72. Ukiona chochote kati ya 100.64 na 100.127 pale, jua kwamba hiyo si anwani ya intaneti yenyewe; ni fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mashine yao inakumbuka muunganisho gani ni wa nani, na kwa wateja maelfu kumbukumbu inajaa haraka, hivyo walio kimya wanafutwa. Kuna mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2008 unaosema muunganisho wa TCP (aina inayotumiwa na programu nyingi) uliokwisha kuanzishwa usifutwe kabla ya saa 2 na dakika 4. Hizo dakika 4 zinachekesha mpaka ujue kwamba kompyuta, kwa kawaida yake, hungoja saa 2 za ukimya ndipo iulize upande wa pili kama bado upo. Ile nyongeza ni ya kulipa swali hilo nafasi ya kupita. Ila mwongozo ni mwongozo, si kila mashine inaufuata. Ya kwangu ilikuwa inafuta kabla hata saa 2 hazijafika.

Kwa saa iliyo kwa mtoa huduma huna mahali pa kubofya. Unachoweza ni kuhakikisha hunyamazi. Katika faili la mipangilio la SSH, programu ninayoingilia seva ya kazini, niliongeza mstari mmoja, ServerAliveInterval 60, programu ikawa inatuma salamu ndogo kila sekunde 60. Programu za VPN (zinazokuunganisha na mtandao mwingine kwa njia ya siri) nyingi zina chaguo kama hilo. Salamu yenyewe ni pakiti ndogo sana, hata mwenye bando la kuhesabu hataiona. Nimeulizwa kwa nini nisiache tu ping ikizunguka milele na kumaliza maneno. Inafanya kazi, kwa upande mmoja: iliizuia ruta yangu isikate, nami nikaitegemea siku kadhaa. Lakini ile mashine ya mtoa huduma inahesabu kila muunganisho peke yake. Ping yako haimsaidii jirani yake SSH hata kidogo, na wakati huohuo inakuficha usiione saa ya kwanza. Mimi siipendi.

Saa ya tatu sikuikuta kwangu, niliikuta kwa dada yangu. Laptopu yake ilikuwa inapoteza Wi-Fi akiisahau kidogo, huku simu yake iliyo mezani, kwenye ruta ileile, ikiendelea na video. Kifaa kimoja kikianguka na vingine vimesimama, iache ruta kwa amani. Hapo ni kadi ya Wi-Fi inayojilaza kuokoa umeme. Kwenye Windows unaifungua kadi hiyo katika orodha ya vifaa vya kompyuta, unaingia sehemu ya umeme, unatoa tiki pale panaporuhusu kompyuta kuizima kadi. Baadhi ya mashine hazina sehemu hiyo. Kwake ilikuwepo, na ndiyo ilikuwa dawa. Kwenye Linux jaribu iw dev wlan0 set power_save off, ukiweka jina la kadi yako mahali pa wlan0. Ukiizima na kuiwasha mashine amri hiyo inasahaulika, kwa hiyo kama imesaidia itafutie mahali pa kudumu.

Ukikosa nambari kabisa, leo dakika 7, kesho 40, kesho kutwa saa 3, basi acha kutafuta saa. Rudi kwenye vitu vya kushikika: kiungio kilicholegea, kutu, adapta ya umeme iliyochoka, ruta iliyofichwa kabatini ikaiva kwa joto. Pengine hata si ukimya unaoikata, ni kwamba unagundua tu unaporudi. Na ikiwa inakata kila baada ya muda uleule hata ukiwa katikati ya kuitumia, hiyo pia siyo hadithi ya ukimya. Angalia muda wa kukodishwa anwani, maana kifaa hupewa anwani kwa muda tu. Vifaa huomba kuongezewa muda unapofika nusu, na ombi lisipojibiwa hadi muda wote uishe, anwani inapotea unatazama.

Mara ya mwisho nilipopiga simu huduma kwa wateja sikusema mtandao unasumbua. Nilisema: muunganisho wa ruta uko hewani siku 2, anwani ya nje ni ya 100.72, miunganisho ya TCP iliyo kimya inafutwa kabla ya saa 2, nimepima kwa waya mara tatu. Msichana wa upande wa pili alinyamaza kidogo, akaniomba nisubiri, na kwa mara ya kwanza hakuniambia nizime ruta niiwashe tena.