Mwanangu, hiyo MS isome tu

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona, nikaona niandike maana kwa simu baba yako angedakia. Unasema profesa wenu huko Cape Town anawasukuma nyie mnaosomea neva mchukue MS, huo ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia ubongo, uti wa mgongo na neva za macho, na wewe unaniuliza ukirudi Uganda utamtibu nani, si ugonjwa wa wazungu huo, si bora ukomae na kiharusi na kifafa.

Kiharusi kimejaa kweli, sikatai. Lakini hilo la wazungu mimi nalibishia. Kweli ukienda mbali na ikweta MS inazidi, hayo umeyasoma kuliko mimi, ila huku nani aliwahi kuwatafuta hao wagonjwa? Hela ya MRI, ile picha ya kuonyesha ndani ya ubongo na uti wa mgongo, hakuna, wa kuisoma vizuri hakuna, basi tunaandika hawapo.

Yule binti fundi cherehani wa mtaa wa nyuma hapa Bombo si unamkumbuka? Alianza na jicho moja, linauma akiligeuza, kitambaa chekundu anakiona kimepauka, baada ya wiki kadhaa likarudi. Mganga alikuwa ameshachinja kuku wake kwa hiyo sifa akachukua yeye. Baadaye miguu ikafa ganzi, hospitali moja wakamwambia ni mawazo tu aolewe, nayo ikapungua yenyewe, safari hii sifa zikaenda kwa maji ya dua. Yaani ugonjwa wa kuja na kuondoka unampa sifa kila mtu, na kila ukija unabaki na kitu. Sasa anatembea kashika ukuta, cherehani kamwachia mdogo wake, na mpaka leo hakuna aliyemwambia ni MS, au NMO, yule ndugu yake anayefanana naye anayeshambulia zaidi macho na uti wa mgongo, au TB ya uti wa mgongo. Na wewe unajua kuna dawa za MS zinazoizidisha NMO, kwa hiyo mtu wa kubahatisha hapo anaweza kumharibu kabisa.

Dawa zamani ningekwambia achana nazo, bei za kichaa. Lakini 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, waliingiza tatu za MS kwenye orodha ya dawa muhimu, na moja ni rituksimabu ambayo watu wa kansa wanaitumia miaka mingi. Hapo pa kuanzia papo, hata kama pesa bado ni vita.

Halafu kinachonichekesha, kile kirusi cha Epstein-Barr, kile ambacho utafiti wa wanajeshi wa Marekani wa 2022 ulikibana kwamba ndicho kinachotangulia MS, kilipatikana vipi? Daktari mpasuaji Burkitt alikuwa hapahapa hospitali ya Mulago, Kampala, na watoto wenye vimbe za taya, vipande vya vimbe hizo vikapandishwa ndege mpaka London, 1964 mtafiti Epstein na wenzake wakatangaza wamekiona. Vipande vya watoto wetu hivyo, halafu wewe unaniambia ugonjwa hautuhusu!

Ichukue baba, ila kiharusi usikiache, maana wodi za huku hazitakupangia MS peke yake. Jifunze kusoma MRI kwa macho yako usingoje ripoti, jifunze kuangalia nyuma ya jicho, na muulize profesa kama atakuachia muda na wagonjwa wa NMO, hao nadhani ndio utakaokutana nao sana.

Baba yako anakusalimia, anauliza ile hela ya kodi kama imefika.

Mama