Dozi ya kwanza haipunguzwi
Je, dozi ya kwanza ya meropenemu, antibiotiki ya mshipani, ipunguzwe kwa mgonjwa wa sepsisi (maambukizi yanayovuruga viungo vya mwili) ambaye figo zake zimedhoofika? Hapana, hata kama kreatinini, kipimo cha damu cha utendaji wa figo, imepanda, dozi hiyo ni gramu 1 kamili kwa dakika 15–30. Kiasi chake hutegemea maji yaliyomo mwilini, si figo, na mgonjwa wa sepsisi aliyetoka kupasuliwa tumbo na kujazwa dripu ana maji mengi, hivyo dawa huzimuka. Figo huamua dozi zinazofuata. Hizo ziendeshwe kwa muda wa saa 3 kila moja, maana kinachoua bakteria hapa ni muda dawa inaokaa juu ya kiwango cha kuwazuia. Msikimbilie kuzipunguza ndani ya saa 48 za kwanza, maana figo nyingi huanza kupata nafuu. Vankomaisini nayo, antibiotiki nyingine: miligramu 20–35 kwa kilo mwanzoni, polepole. Ila usaha usipotolewa, dozi haitasaidia sana.