Kwa Wanaoanza Kazi ya Kukabili Maafa Pwani: Tahadhari Inapovuka Mpaka

Ndugu mnaoanza kazi hii, maneno "ushirikiano wa kikanda" mtayakuta katika kila mpango na kila taarifa ya mkutano. Ushauri wangu ni kwamba ushirikiano huo msiupime kwa mikataba iliyotiwa saini, bali kwa swali moja: taarifa ikitoka nchi nyingine inamfikia nani ufukweni, na inamkuta akiwa na muda gani wa kufanya jambo?

Tetemeko la 26 Desemba 2004 lilitokea karibu na Sumatra, na mawimbi yake ya tsunami yalichukua takriban saa saba kufika Somalia. Huko walifariki watu wapatao 300, wengi wao eneo la Hafun, ilhali Kenya, ambako watu waliondolewa ufukweni habari iliposikika, alifariki mtu mmoja. Ni kweli kwamba mawimbi ya Somalia yalikuwa makubwa zaidi, lakini muda ulikuwapo, na hapakuwa na wa kuupokea ujumbe. Siku hizi Australia, India na Indonesia hutuma taarifa za tsunami kwa nchi za Bahari ya Hindi kupitia mfumo unaoratibiwa na UNESCO, na vimbunga vya upande wetu hufuatiliwa na kituo kilichoko Réunion. Safari ya ujumbe kutoka ofisi ya hali ya hewa hadi dikoni, yaani mahali vyombo vya uvuvi hufikia, ndiyo inayobaki mikononi mwenu.

Msidhani vimbunga ni habari ya Msumbiji peke yake. Mwaka 2019, wiki chache tu baada ya Idai kuipiga Beira, Kenneth ilipita Komoro na kuingia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma kutoka Mtwara. Mei 2024 Hidaya ilisogea hadi pwani ya Tanzania, na boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa.

Sasa tazameni taarifa yenyewe. Inasema, kwa mfano, upepo utafikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita mbili. Nahodha akiisikia huuliza upepo unatoka wapi, unaanza saa ngapi, na kama ni bamvua (siku maji yanapojaa sana) au maji mafu (siku yanapojaa kidogo). Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa dhoruba ikikutana na bamvua maji hupanda hadi majumbani, na ile ya maji mafu huenda ikaishia ufukweni. Ongezeni sentensi moja inayosema kama ni bamvua au maji mafu kabla hamjaisambaza taarifa. Haina gharama yoyote.

Jambo jingine ambalo mipango mingi hulisahau ni dago, yaani kambi za muda za wavuvi walio mbali na kwao. Wavuvi wa Pemba hufuata msimu na kupiga kambi pwani ya Kenya, Shimoni na Vanga zikiwemo, na mvuvi wa namna hiyo anaweza kukosekana katika orodha ya shehia yake (eneo dogo la utawala la Zanzibar, linaloongozwa na sheha) na pia katika ile ya kikundi cha usimamizi wa ufuo anakofikia. Chombo kikipotea, kila upande hudhani upande wa pili unakitafuta. Kwa hiyo, kabla msimu haujaanza, sheha na mwenyekiti wa kikundi wabadilishane karatasi moja yenye majina ya vyombo, idadi ya mabaharia na namba za simu za manahodha. Undugu wa pande hizo mbili ni wa zamani kuliko ofisi zetu, nanyi mtaukuta uko tayari kutumika.

Kuhusu mikoko, jifunzeni kwa wanakijiji wa Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, ambao tangu mwaka 2013 hulipia ulinzi wa msitu wao kwa mauzo ya hewa ya kaboni. Mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi na kushika udongo, lakini msimwahidi mtu kwamba itazuia tsunami.

Mwisho ni mazoezi. Msisubiri yale makubwa ya nchi zote. Wapigieni simu wenzenu wa ng'ambo usiku wa siku ya kazi, mkianza kwa kutamka wazi kwamba ni zoezi, kisha hesabuni dakika hadi mtu wa mwisho dikoni apokee ujumbe. Asiyepatikana, tafuteni namba ya jirani yake kesho yake asubuhi.