Njia Tulivu za Murram Kandokando ya Nakuru, na Hewa ya Kutia Katika Tairi

SWALI: Fundi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Nakuru, nina uzito wa kilo 80, na baiskeli yangu ni ya milimani niliyoinunua mtumba: magurudumu ya inchi 26, matairi ya 1.95, breki za kubana rimu, gia tatu mbele na saba nyuma. Natafuta njia za murram za kilomita 40 hivi, za Jumapili asubuhi, mbali na malori ya barabara kuu ya Eldoret. Safari ya kwanza nilijaza hewa hadi psi 65 kama ilivyoandikwa ubavuni mwa tairi, nikarudi mikono imekufa ganzi. Safari ya pili nilipunguza hewa kwa kukisia kwa kidole gumba, nikapata pancha karibu na Njoro, na fundi wa pale akanionyesha matundu mawili yaliyo sambamba kwenye tyubu. Nitaitambuaje njia tulivu kabla sijafika nayo mbali, na nitie hewa kiasi gani? Je, naweza kufuata njia ya reli?

JIBU: Mwalimu, naanza na sahihisho dogo. Huku kwetu mashambani hakuna njia iliyotengewa baiskeli peke yake. Iliyopo ni barabara ambayo gari halina sababu ya kuipita, na hata humo bodaboda hutaikosa. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama barabara ni ya lami au ya murram, bali uliza inakwenda wapi na inabeba nini. Murram inayounganisha barabara mbili za lami ni njia ya mkato, na madereva wa Probox wanaijua kukushinda. Murram inayoelekea kwenye machimbo ya mawe au mchanga ina malori hata kama kwenye ramani imechorwa nyembamba kama uzi. Lakini ile inayopinda mara mbili tatu katikati ya mashamba na kuishia kwenye josho la ng'ombe au mto usio na daraja la magari, hiyo ndiyo yako, hasa ikiwa mwendesha baiskeli anaweza kuvuka kwa kivuko cha miguu na kuendelea ng'ambo.

Ukishafika barabarani, uso wa murram wenyewe utakueleza nani amepita. Alama ninayoitegemea kuliko zote ni yale mawimbi madogo ya kukingama, yanayofuatana kwa umbali usiozidi mita moja, yanayomfanya mtu agonganishe meno. Mwaka 2007 watafiti wa fizikia walionyesha maabarani, kwa kuzungusha gurudumu juu ya mchanga mkavu, kwamba mawimbi hayo hujitokeza hata gurudumu likiwa halina springi, ilimradi mwendo uvuke kiwango fulani. Chini ya kiwango hicho mchanga hubaki tambarare. Maana yake kwako ni kwamba mkokoteni wa punda hauyatengenezi, wala ng'ombe hawayatengenezi. Hutengenezwa na magari yaendayo kasi. Ukikuta mawimbi yamejaa barabara nzima kutoka ukingo hadi ukingo, geuka mapema utafute njia nyingine. Ukikuta majani yameota katikati, na pande zote mbili kuna mifereji miwili membamba ya magurudumu yenye vumbi laini lililochapwa kwato, endelea bila wasiwasi. Vumbi lililotua juu ya majani ya ua wa kei-apple nalo ni shahidi: ua ulio mweupe kwa vumbi hadi juu unaonyesha magari mengi, na ua wa kijani unaonyesha machache, mradi mvua haijanyesha siku za karibuni.

Kuhusu maeneo, sitakutajia barabara mojamoja, kwa kuwa murram ya mwaka huu inaweza kuwa lami mwaka ujao, na lami huvuta matatu. Tazama badala yake vipande vya nchi vilivyo katikati ya barabara kubwa. Kati ya barabara ya Mogotio na ile ya Nyahururu lipo bonde la Solai, lenye mashamba makubwa na vijia vingi vya kazi. Upande wa Rongai kuna mkonge na mahindi, na ardhi haina miinuko mikali. Upande wa Njoro kuelekea Mau Narok ni nchi ya ngano na shayiri, ya juu na ya baridi, yenye upepo usiozuiliwa na kitu. Wakati wa mavuno uikwepe, kwa sababu matrekta na malori ya nafaka hujaa hata kwenye vijia ambavyo mwezi uliotangulia vilikuwa vya mbuzi tu. Barabara nyingi ndani ya mashamba makubwa ni mali ya mtu. Shuka kwenye baiskeli, msalimie mlinzi wa getini, umwambie unatokea wapi na unakwenda wapi. Mimi nimeruhusiwa mara nyingi kuliko nilivyokataliwa, na hata waliokataa walinielekeza pa kuzungukia. Msitu wa Menengai uko chini ya Huduma ya Misitu Kenya, basi andaa ada ya kuingilia. Hifadhi ya Ziwa Nakuru uiache, kwani ina simba, nyati na vifaru. Ukitaka kuendesha baiskeli kati ya pundamilia, Hell's Gate kule Naivasha inaruhusu.

Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi ili uwe umerudi kabla ya saa sita, kwa maana mvua za Nakuru hupenda kunyesha alasiri, na murram mwekundu ukilowa juu juu tu huteleza kuliko ukilowa kabisa. Nawaambia pia wasomaji wa Kisumu, ambao huniuliza kuhusu uwanda wa Kano: ule udongo mweusi haufai kabisa siku ya mvua. Huganda kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linakataa kuzunguka, na hapo baiskeli huwa ni mzigo wa begani.

Sasa reli. Najua kuna nchi ambako reli zilizoachwa zimeng'olewa na kugeuzwa njia za baiskeli, lakini reli yetu yenye upana wa mita moja iliyofika ziwani Kisumu mwaka 1901 haijang'olewa, na kupita juu yake ni hatari na ni kosa. Hata hivyo, itumie kama mwalimu wa miinuko. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, ndiyo maana reli kutoka Nakuru kwenda Njoro, Elburgon na Molo inazungukazunguka vilima badala ya kuvikabili. Vijia vya mashamba vilivyo karibu nayo mara nyingi hupanda polepole kuliko barabara iliyonyooka.

Tuje kwenye hewa, kwani hapa ndipo ulipoumia. Namba ya 65 iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo ambacho mtengenezaji hataki ukivuke. Si kiwango anachokushauri. Tairi lililojazwa hivyo haliinami juu ya jiwe, bali hulirukia, na kila mruko unafika viganjani. Ulipopunguza kwa kidole ulikwenda upande wa pili: tairi liligonga jiwe, likabonyea hadi rimu, na tyubu ikabanwa kati ya jiwe na kingo mbili za rimu. Hiyo ndiyo asili ya matundu mawili sambamba. Mwiba wa mgunga hutoboa tundu moja. Kidole gumba hakiwezi kutofautisha psi 25 na psi 35 kwenye tairi gumu la milimani, na mashine ya hewa ya kituo cha petroli huijaza tyubu ndogo kama yako kwa sekunde chache kabla mshale haujatulia. Nunua pampu ya kusimama yenye kipimo.

Kwa uzito wako, na matairi ya 1.95 yenye tyubu, anza na psi 32 mbele na psi 37 nyuma, kwa kuwa gurudumu la nyuma ndilo linalobeba sehemu kubwa ya mwili. Chagua kipande cha mita 200 chenye mawe, upite, kisha punguza psi 2 kila gurudumu na upite tena. Siku utakaposikia rimu ikigonga jiwe hata mara moja, rudisha psi 3, na namba hiyo uiandike ndani ya kifuniko cha sanduku lako la vifaa. Ukibeba mzigo, ongeza. Tangu mashindano ya baiskeli za murram yaitwayo Migration Gravel Race yaanze mwaka 2021 kule Maasai Mara, vijana huja kwangu wakidhani hawawezi kuingia murram bila baiskeli za namna ile. Tairi lako ni pana kuliko matairi mengi ya baiskeli hizo. Lililokosekana ni kipimo.

Gia zako zinatosha. Hesabu meno: kama gia ndogo ya mbele ina 24 na kubwa ya nyuma ina 28, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 1.77 hivi, na kwa mizunguko 60 kwa dakika utapanda kwa takribani kilomita 6.4 kwa saa. Hiyo ni kasi ya mtu anayetembea haraka, nayo inakutosha kutoka mjini, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi ukingo wa Menengai, ambao kilele chake kiko mita 2,278. Badilisha gia kabla ya mlima kuanza, si katikati yake cheni ikiwa imekazwa.

Huko juu, kabla ya kuteremka, inua kila gurudumu na ulizungushe kwa mkono huku umekamata breki kidogo. Ukisikia mkwaruzo, kuna changarawe iliyojichimbia kwenye raba ya breki, nayo itakula rimu yako mteremko mzima. Itoe kwa ncha ya kisu, futa rimu kwa kitambaa kikavu, ndipo ushuke.