Barua kwa mwanangu: akili, Pepo na Moto

Mwanangu Zuhura,

Baada ya salamu. Umeniuliza kama falsafa inaweza kuthibitisha Pepo na Moto, maana mwenzako wa chuoni anashikilia kwamba mwenye akili timamu hana hoja hata moja ya kuyaamini. Mnabishana bila kufika kwa sababu swali lenu limefunga maswali manne katika furushi moja. Je, nafsi hubaki mwili ukifa? Ikibaki, kuna hesabu? Hesabu hiyo huishia kwenye raha na adhabu? Na adhabu hiyo haina mwisho? Anayeshinda la kwanza bado hajagusa la nne, na wahubiri wengi huruka hapo bila hata kujua kwamba wameruka.

La kwanza lina hoja kongwe. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alisema nafsi haina vipande, na kisicho na vipande hakiwezi kuvunjika. Kant, mwanafalsafa Mjerumani, aliijibu mwaka 1787: kisicho na vipande kinaweza kufifia nguvu kidogo kidogo mpaka kifike sifuri. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa wa Kiislamu, naye alitaka tumfikirie mtu aliyeumbwa mara moja akiwa anaelea hewani, macho yamezibwa, viungo havigusani. Hangejua kama ana mwili, lakini angejua kwamba yupo. Basi nafsi si mwili. Hoja ni ya kuvutia, ila ina tundu: kutojua kwangu kwamba vitu viwili ni kimoja hakuvifanyi kuwa viwili.

Hata hivyo, Ibn Sina ananivutia zaidi kwa jambo jingine. Mjuzi yule wa mantiki aliandika kwamba kufufuliwa kwa miili hakuthibitishwi kwa akili. Njia yake ni sheria na habari za Mtume. Alichodai kwa akili ni raha na taabu ya nafsi tu. Mwanazuoni Al-Ghazali alipowashambulia wanafalsafa mwaka 1095 alihesabu masuala 20 na kuwakufurisha kwa 3, moja likiwa kukana ufufuo wa miili. Lakini soma kwa makini alichokifanya. Hakusema akili inauthibitisha ufufuo. Alisema akili haina uwezo wa kuuzuia, na maadamu haiuzuii, maneno ya wahyi yabaki na maana yake ya wazi. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo mwenzako haioni, na pengine nawe umeipita. "Inawezekana" ni kazi ya akili. "Ipo" inahitaji shahidi.

Kwa habari ya hesabu, hoja yenye uzito ni ya Kant, ya mwaka 1788. Wajibu unatuamuru tuifuate heri iliyo kamili, yaani wema pamoja na furaha inayoustahili. Lisilowezekana haliwezi kuwa wajibu. Duniani wema na furaha havifuatani. Dhalimu anakufa kitandani kwake, amezungukwa na wajukuu. Basi lazima tukubali kwamba Mungu yupo na nafsi inaendelea. Inapoyumba ni kwenye hatua ya mwanzo: huenda tumeamrishwa kujitahidi tu, si kufika. Na Kant mwenyewe hakuiita elimu, aliiita jambo ambalo mtu wa wajibu hana budi kulikubali ili atende. Tena usidhani kila mtu duniani anahisi kwamba lazima kuna malipo baada ya kufa. John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha 1969, aliandika kwamba katika dini nyingi za asili za Afrika hakuna pepo ya kutumainiwa wala jehanamu ya kuogopwa. Wafu wanabaki karibu kwa muda, kisha wanazama katika Zamani, jina alilolipa Mbiti wakati uliopita usio na mpaka. Watu hao walikuwa na haki na adhabu zao, ila walizimaliza hapa hapa.

Wengi hukimbilia hoja ya Pascal, mwanahisabati Mfaransa, iliyochapishwa mwaka 1670 baada ya kufa kwake. (Al-Ghazali alikuwa ametumia hoja ya sampuli hiyo karne tano kabla.) Inasema hivi: hata uwezekano ukiwa 1 kwa 1,000, ukiuzidisha na faida isiyo na kikomo unapata faida isiyo na kikomo, na unachopoteza duniani kina kikomo, basi amini. Jaribu kuiendesha mwenyewe uone inavyokwama. Mtu arushe shilingi, aseme ikitoka kichwa nitaamini. Nusu ya kisicho na kikomo bado haina kikomo, kwa hiyo huyo naye amefanya vema sawasawa na aliyeamini leo. Diderot, mwanafalsafa Mfaransa, aliongeza kwamba imamu anaweza kusema maneno hayo hayo ya padri. Hesabu haikuambii uingie mlango upi. Mimi siitumii.

Sasa umilele wa Moto, ambapo pana ugumu kweli. Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, katika insha iliyotoka 1777, aliuliza vipi kosa lenye mpaka lilipwe kwa adhabu isiyo na mpaka. Miaka 70 ya dhambi ukiigawa kwa isiyo na mwisho, hupati kitu. Jibu la zamani ni kwamba kosa hupimwa kwa cheo cha aliyekosewa, na Mungu hana mpaka. Lakini basi uongo mdogo na mauaji vingekuwa sawa, na hakuna dini ninayoijua inayofundisha hivyo. Jibu la pili lina nguvu zaidi: adhabu inaendelea kwa kuwa ukaidi unaendelea. Hapo lazima useme kwa nini toba iwezekane leo na isiwezekane baada ya kaburi.

Pingamizi jingine ni la mwanafalsafa wa Marekani Theodore Sider, 2002. Wema ni ngazi ndefu yenye vidato vidogo vidogo. Ukikata mahali, watu wawili wanaokaribia kufanana wanapata hali zinazotofautiana kama mbingu na ardhi. Daraja za Pepo, Aʼraf iliyo kati ya Pepo na Moto, na toharani ya Wakatoliki inayosafisha nafsi kwa muda, hupunguza makali, ila haziondoi mpaka wenyewe. Ndiyo maana wanazuoni hawakukaa kimoja. Masuni husema Muislamu mwenye dhambi kubwa hatimaye hutolewa; Ibadhi wa Oman na Unguja husema aliyekufa bila kutubu hatoki; mwanazuoni Ibn al-Qayyim alizikusanya hoja za kwamba Moto wenyewe utakoma.

Kwa hiyo mkikaa tena na mwenzako, muulize kwanza anakataa lipi kati ya yale manne. Akisema yote, mwambie aanze na la kwanza na akupe hoja, si kicheko. Nawe ukitaka kumpa la nne, usimpe Pascal. Mpe sababu zako za kumwamini aliyeleta habari, kwa kuwa hapo ndipo imani yako imesimama, na hapo ndipo ana haki ya kukuhoji.

Mama anakusalimu. Ukija likizo njoo na daftari lako la mantiki.

Baba yako