Sala baharini: nahodha asema tutalipa pwani, je ni sawa?

SWALI: Assalaam aleykum sheikh wangu. Mimi ni kijana wa hapa Lamu, navua na boti la mtu, tuko watu watano. Twatoka saa tisa usiku twarudi alasiri, siku nyengine magharibi yatukuta njiani. Nahodha wetu asema sala ni ya pwani, baharini ni kazi, ukirudi ulipe. Na kweli boti layumba, nguo zina damu ya samaki, maji matamu tulonayo ni ya kunywa tu. Kwa hivo nikifika nyumbani husali alfajiri, adhuhuri, alasiri na magharibi zote kwa mkupuo kisha isha. Je zakubaliwa? Na pia nataka kuelewa, kwa nini isitoshe sala moja ya usiku mtu akiwa ametulia, na moyo uko na Mungu saa zote? Na Ijumaa je, manake ndo siku bei ya samaki ni nzuri.

JIBU: Waaleykum salaam warahmatullahi wabarakatuh mwanangu. Hili swali lako si jipya, liliulizwa na watu wa bahari mbele ya Mtume SAW mwenyewe. Amepokea Abu Hurayra kwamba mtu mmoja alikuja akasema, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, sisi hupanda bahari na twachukua maji machache, tukitawadha nayo tutashikwa na kiu, je tutawadhe kwa maji ya bahari? Akamjibu, huwa at-tahuuru maauhu, al-hillu maytatuhu, yaani maji yake ni twahara na mfu wake ni halali. Wameipokea kina Abu Dawud na Tirmidhi na wengineo. Sasa hebu itizame vizuri hiyo hadithi, yule mtu hakuuliza "je niiweke sala mpaka nirudi", hilo halikumpitia kabisa akilini, aliuliza maji tu. Na Mtume hakumwambia ngoja mpaka ufike bara, alimfungulia mlango asali hukohuko aliko.

Hapo tayari moja katika nyudhuru zako imeondoka. Maji ya kunywa yaache yanyweke, wewe chota ndoo ubavuni mwa boti utawadhe, chumvi haidhuru udhu. Na kuna vijana niliosikia hutayamamu kwa kupangusa ubao wa boti, hiyo haiswihi, kwa madhehebu yetu ya Shafi tayamamu ni kwa mchanga wenye vumbi na ni kwa aliekosa maji au asieweza kuyatumia, sasa wewe umezungukwa na maji pande zote unasemaje umeyakosa.

Haya, jambo lenyewe ninalotaka ulishike ni hili: katika masharti ya sala, karibu yote yana njia ya kulegezwa mtu akishindwa, isipokua wakati. Usipoweza kusimama utakaa, usipoweza kukaa utalala ubavu, ndivo Mtume alivomwambia Imran bin Huswayn alipokua mgonjwa na hadithi iko kwa Bukhari. Ukikosa maji kuna mchanga. Na ukikosa vyote viwili, maji na mchanga, maulamaa wetu hawakusema basi pumzika, wamesema atasali vivohivo kwa kuheshimu wakati halafu atairudia akipata. Hebu fikiri, mtu hana udhu wala tayamamu lakini wakati haumruhusu aupite bure! Na katika Suratun Nisaa aya ya 102 yaeleza vipi askari wasali na silaha zao mbele ya adui, kundi moja lasali jengine lalinda, na ile inayofuatia tu, ya 103, ndo hiyo yenye kusema innas swalata kaanat alal muuminiina kitaaban mawquuta, kwamba sala kwa waumini ni faradhi iliyowekewa nyakati maalum. Yaani baada ya vita ndo wakati watajwa. Nahodha wako na jarife lake, wavu wake huo, hana kazi ngumu kuliko hiyo.

Tena tufanye hesabu kidogo, manake naona mnajitisha na mlima ambao haupo. Kwetu hapa jua halichezi sana mwaka mzima, nyakati zasogea mbele na nyuma kidogo tu. Mwatoka saa tisa usiku, isha umeshaisali nyumbani. Alfajiri yaingia karibu na saa kumi na moja mpaka jua litoke kwenye saa kumi na mbili, hiyo ndo yenye wakati mfupi na ndo itakayokutaka ujipange, weka alamu kwenye simu, hata ikikosa netiweki saa yake yaenda. Adhuhuri yaingia saa sita na kitu na haitoki mpaka alasiri iingie saa tisa na nusu hivi, ni masaa matatu hayo, na rakaa nne mtu asiekua na haraka huzimaliza kwa dakika chache, ndani ya masaa matatu mmekosa kweli upenyo wa kupokezana? Mwakula, mwavuta sigara (wengine nyinyi, si nyote), mwapiga soga mkingojea samaki aume mshipi. Alasiri mara nyingi mwakua mshafika, na magharibi ikiwakuta njiani basi ni rakaa tatu. Kwa hivo kinachobishaniwa hapa ni sala mbili kwa siku nyingi, na tatu siku mbaya.

Kuhusu kuyumba. Mtume SAW aliulizwa juu ya kusali ndani ya chombo akasema sali humo ukiwa umesimama ila ukiogopa kuzama, imepokewa na Daraqutni na Hakim. Maulamaa wa Shafi wakaongeza na mwenye kuogopa kizunguzungu, huyo pia akae. Boti la faiba likiwa lakwenda na mawimbi ya kusi ya mwezi wa sita, hakuna atakaekulaumu kwa kukaa, wala hutaambiwa urudie. Lakini bahari ikiwa shwari, boti limetia nanga na wewe huyohuyo wasimama vizuri kuvuta nyavu, hapo usikae kwenye sala, wapaswa usimame.

Kibla nacho hakina shida kwa watu wa huku, Makka iko karibu sawasawa na kaskazini yetu, na nyinyi hakuna anaekosa kuijua kaskazini, dira iko kwenye boti na nyengine kwenye simu. Mkiwa mmetia nanga tumia akili ya ubaharia tu. Chombo huelekea upepo, basi wakati wa kaskazi omo, yaani mbele ya chombo, huwa yaangalia huko kwenye kaskazini mashariki na kibla yako ni kushoto kidogo ya omo, na wakati wa kusi ni kinyume, kibla iko upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, mradi mkondo wa maji haujalishinda boti likageuka. Chombo kikizunguka ukiwa ndani ya sala nawe geuka nacho urudi kibla, sala haikatiki. Na alieshika usukani asisali faradhi huku ameushika na macho yake yakiwa kwenye mwamba, mpokezane, mwengine amshikie. Ile ruhusa ya mwendesha chombo kuelekea aendako iko kwenye sala za sunna, si faradhi.

Damu ya samaki: kwa madhehebu yetu kauli yenye nguvu ni kwamba ni najisi, japo wenzetu wa Hanafi waiona twahara. Lakini kidogo chasamehewa, na utelezi wa samaki, magamba na shombo hayo si najisi, hiyo ni harufu tu. Dawa yake ni nyepesi mno, chukua kikoi kimoja na fulana uvitie kwenye mfuko wa plastiki ufunge, ukitaka kusali suuza miguu na mikono uvae, ukimaliza urudishe. Mavazi ya mvuvi hayajawahi kumzuia mtu sala, kinachomzuia ni uzito wa kuinama kufungua mfuko.

Kuna wengine watakwambia basi si wewe ni msafiri, jamiisha, yaani sali mbili kwa wakati mmoja, na ufupishe, za rakaa nne ziwe mbili. La. Safari ya kufupisha kwetu ni marhala mbili, hukadiriwa kilomita 80 na kitu, tena uwe wajua unakokwenda tangu unapotoka. Kutoka hapa mpaka Faza au Kizingitini haifiki, na mvuvi anaezunguka akifuata samaki walipo bila ya mahali maalum, yeye hata akiranda siku nzima hahesabiwi msafiri wa kufupisha. Mukichukua mzigo kwenda Malindi au Mombasa hiyo ni safari, hapo jamiisha adhuhuri na alasiri, magharibi na isha, na zile za rakaa nne fupisha. Alfajiri haijamiishwi na yoyote. Ni kweli yako maneno ya baadhi ya wakubwa, kina Ibn Sirin na al-Qaffal katika Mashafi, kwamba asie msafiri aweza kujamiisha kwa haja madamu hajafanya mazoea, wakitegemea hadithi ya Ibn Abbas kwa Muslim. Mimi siku ya tufani au injini imekufa huko nje sitakukataza kuifuata kauli hiyo katika adhuhuri na alasiri. Lakini wewe waniambia kila siku! Na hata hao hakuna aliesema kusanya alfajiri mpaka magharibi usali usiku, hiyo si kujamiisha tena, hiyo ni kadha, yaani kulipa sala iliyopitwa na wakati wake.

Hapo ndo nakujibu ulilouliza kwanza. Zile ulizosali usiku ulipofika nyumbani, madamu ulisali moja moja kwa nia yake na masharti yake, zimekuondokea, huna haja ya kuzirudia, deni limelipwa. Lakini dhambi ya kuchelewesha bila udhuru yabaki na hiyo haiondoki kwa kadha, yaondoka kwa toba, yaani kujuta, kuacha na kuazimia kutorudia. Sahaba Saad bin Abi Waqqas alipofasiri ile "fawaylun lil muswalliin", adhabu kwa wanaosali ambao sala zao wanazipuuza, alisema ni wale wanaozichelewesha mpaka wakati ukatoka. Hao ni wanaosali, si walioacha.

Na udhuru wa kweli upo, dini haikufungii macho. Boti limeingia maji na kila mkono wahitajika kuyakumba, yaani kuyatoa, hapo ni kama aya ya 239 ya Albaqara, mkiwa na khofu basi hata mkiwa mnakwenda kwa miguu au mmepanda, wasali kwa ishara huku mikono yakumba maji. Mtu ameanguka majini na wewe uko kwenye rakaa ya pili, kata sala umwokoe, Izzuddin bin Abdissalam katika wakubwa wa madhehebu yetu ametaja wazi kwamba kuokoa wanaozama kwatangulia sala, kisha utailipa. Lakini kundi la jodari limeonekana mbele nahodha akatia mafuta kulikimbilia, huo si udhuru, hiyo ni riziki ambayo Mola huyohuyo ndie aliyeileta.

Sasa lile la kwamba moyo uko nae saa zote, kwa nini mara tano. Mwanangu, moyo wa Mtume SAW ulikua na Mola wake kuliko wangu na wako na bado alisimama usiku mpaka miguu ikamvimba. Tena wewe wasema sali usiku ukiwa umetulia, yaani ukiwa umeshauza, umeshakoga, umeshakula, tumbo na mgongo vimepewa haki yao, kisha Mungu apate masalio ya siku. Adhuhuri imewekwa pale kati makusudi, wakati mikono imejaa, ili mtu auvunje mchana wake kwa khiyari yake aseme kuna mkubwa kuliko hii kazi, ndo maana neno la kufungulia sala ni Allahu akbar. Na ukisimama pale kwenye ubao husemi peke yako. Katika hadithi ya Muslim Mwenyezi Mungu asema nimeigawa sala baina yangu na mja wangu nusu mbili, mja akisema Alhamdulillahi rabbil aalamiin Mungu husema mja wangu amenihimidi, akisema Arrahmaanir rahiim husema mja wangu amenisifu, akifika iyyaka naabudu waiyyaka nastaiin husema hii ni baina yangu na mja wangu, na mja wangu atapata aliloomba. Faradhi kwa siku zina rakaa kumi na saba, kila rakaa ina Fatiha yake, na kila Fatiha ina majibu hayo. Mtu ajua hivo kisha aziahirishe zote mpaka aone usingizi?

Na mfikishie nahodha aya ya 65 ya Suratul Ankabut, kwa adabu, yeye ni mkubwa wako. Yasema wakipanda majahazi humuomba Mwenyezi Mungu kwa ikhlasi, akiwaokoa wakafika bara mara wao wamshirikisha. Watu wa aya hiyo walikua washirikina na bado baharini walimkumbuka Mungu, wakamsahau pwani. Nyinyi mwataka kufanya kinyume chake na mu Waislamu. Mwambie hutaki kuacha kazi, wataka dakika kumi mara mbili kwa zamu, na wewe utamshikia kazi akisali yeye. Wengi wao hawakatai wakiombwa, huwa hakuna alieomba tu. Akikataa kabisakabisa basi tafuta chombo chengine polepole huku wasali kwa wakati kadiri uwezavyo, usiache kazi leo ukaja kukosa cha kuwalisha wanao.

Ijumaa. Ukitoka kabla alfajiri haijaingia ukaenda mbali mahali ambapo adhana ya mjini haisikiki, Ijumaa haikulazimu, wasali adhuhuri yako hukohuko rakaa nne, na kwa saa zenu za kutoka ndo mko hapo. Ukitoka baada ya alfajiri kuingia na wajua itakupita, huo ndo haramu. Lakini hata hiyo ya kutoka usiku usiifanye ada ya kila wiki ati kwa sababu ya bei, Mtume SAW amemuonya mwenye kuacha Ijumaa tatu kwa kupuuza kwamba moyo wake hupigwa muhuri. Wazee wengi wa pwani hii Ijumaa walikua wanashona nyavu na kuziba boti, na samaki wa Jumamosi wauzika vilevile.

Wallahu aalam.