Seli "wezeshi" zina uwezo gani?

SWALI: Ninahariri makala kuhusu seli za ubongo wa binadamu zinazokuzwa maabarani, na mwandishi ameniletea sentensi hii: "Seli wezeshi huwezesha neva hizo kuweza kuunganika na kufanya kazi." Je, niliache neno "wezeshi", au niandike "seli saidizi" ama "seli wasaidizi"?

JIBU: Andika "seli saidizi". Wasaidizi ni watu, wenye majina na mishahara. Seli ni nomino ya ngeli ya I-/ZI-, na kivumishi hiki hakidai kiambishi mbele yake. Mzizi wenyewe tuliupokea kutoka Kiarabu pamoja na ndugu yake "msaada", na sina la kuongeza hapo. "Neva" nayo ibadilishe, kwa sababu neva ni fungu la nyuzi, ilhali kinachokuzwa kwenye sahani ya maabara ni seli moja moja, yaani niuroni.

Sasa niruhusu nishughulike na kilichoniudhi. Katika sentensi yenye maneno kumi tu, "weza" imejitokeza mara tatu, kama mgeni aliyeaga mara mbili na bado amekaa. Sibishani na umbo la "wezeshi", kwani kama "elekeza" ilituzalia "elekezi", sarufi haina sababu ya kuinyima "wezesha" mtoto. Ninachobishana nacho ni uvivu. Kitenzi hiki kimenenepa kwenye semina na ripoti za miradi hadi kinameza kila kitenzi kilicho jirani yake, na hali lugha yetu ina kauli ya kutendesha inayofanya kazi hiyo kwa silabi moja au mbili. Mama hamwezeshi mtoto kunyonya, humnyonyesha. Hamwezeshi kulala, humlaza. Hamwezeshi kuoga, humwogesha. Na akimaliza siku yake yote hiyo hatasema kwamba amemwekea mtoto mazingira wezeshi, atasema amechoka.

Ingekuwa suala la ladha tu, ningenyamaza. Lakini hapa neno hilo linapotosha habari yenyewe. Kumwezesha mtu ni kumpa uwezo ambao hakuwa nao, kama miwani inavyomwezesha asiyeona vizuri kusoma. Je, niuroni hazikuwa na uwezo? Mwaka 2001 maabara ya mtafiti wa ubongo Ben Barres katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ilichapisha majaribio ya niuroni za retina ya panya zilizotengwa na kukuzwa peke yake: zilijenga sinapsi, yaani viungo ambamo niuroni moja hupasha nyingine ujumbe, ila chache. Zilipokuzwa pamoja na seli saidizi, idadi ya sinapsi zinazofanya kazi iliongezeka takriban mara 7. Uwezo, basi, ulikuwapo. Kilichokosekana ni kichocheo. Kitenzi cha Kiswahili kwa jambo hilo ni "kuchochea", na kimekuwapo tangu watu walipoanza kukaa karibu na moto.

Tena kazi yenyewe si moja, na hapo ndipo "wezesha" inapoficha mengi zaidi. Seli zinazozungumziwa huitwa astrosaiti, kwa Kigiriki cha nyota, kutokana na umbo lake. Mwaka 2005 maabara hiyo hiyo ilionyesha kwamba protini ziitwazo thrombospondini, zinazotolewa na astrosaiti, huzifanya niuroni zijenge sinapsi. Ukizitazama sinapsi hizo kwa darubini utaziona zimekamilika pande zote mbili, lakini ni bubu: upande mmoja unatoa ujumbe na upande wa pili hauitikii, kwa kuwa umepungukiwa na vipokezi vya glutamati, kemikali inayobeba ujumbe huo. Mwaka 2012 zikatambuliwa protini nyingine za astrosaiti, glipikani 4 na 6, zinazosaidia kuvileta vipokezi hivyo kwenye sinapsi. Protini za kwanza hujenga na za pili huamsha. Msomaji aliyeambiwa kwamba seli wezeshi "huwezesha" hatajua kuna mambo mawili, wala hatajua kwamba sinapsi inaweza kuwapo na isifanye kazi, na hilo ndilo jambo tamu kuliko yote katika habari hii.

Kwa niuroni za binadamu zinazotokana na seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, suala hili ni zito zaidi, kwani hukomaa polepole mno, kwa miezi. Ndiyo maana watafiti huzipanda juu ya tandiko la astrosaiti, ambazo mara nyingi ni za panya. Huzipanda, nasema, hawaziwezeshi kupandika.

Waliotutangulia walikosea kwa namna bora zaidi. Rudolf Virchow, daktari Mjerumani wa karne ya 19, aliuita ukoo mzima wa seli hizi kwa neno la Kigiriki la gundi, akidhani kazi yake ni kushikilia tu. Alikosea, lakini gundi unaiona na inakunata vidoleni. "Wezeshi" inanata wapi?

Mwambie mwandishi wako aandike hivi: "Astrosaiti, ambazo ni seli saidizi za ubongo, huchochea niuroni zilizokuzwa maabarani zijenge sinapsi nyingi zaidi, na sinapsi hizo zikafanya kazi." Akilalamika kwamba "mazingira wezeshi" yameshazoeleka kila mahali, mkubalie, kwa hayo mimi nilishasalimu amri. Ila kwenye sahani ya maabara asiyaingize.